Barua ya Wazi kwa Serikali za Vijiji Mkoani Dodoma Kuhusu Karatasi Inayosomwa Makaburini

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti wa Vijiji, Maafisa Watendaji wa Vijiji na Kata, Waheshimiwa Madiwani, na Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zote za Mkoa wa Dodoma.

YAH: OMBI LA KUTUNZA WASIFU WA MAREHEMU KATIKA OFISI ZA VIJIJI

Waheshimiwa, mbukwenyi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Chamwino. Tangu nilipoanza kazi, na hata baada ya kustaafu, nimekuwa nikiitwa na wafiwa usiku wa kuamkia mazishi ili niwaandikie wasifu wa marehemu, kwa sababu kijijini mwalimu huhesabiwa kuwa ndiye mwenye mwandiko unaosomeka. Huketi kwenye kigoda au kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtu mmoja akanimulikia kwa tochi ya simu, kaka wa marehemu akataja mwaka wa kuzaliwa na shangazi akampinga, mtoto mkubwa akataja shule, mjane akataja watoto, na ikifika saa nane usiku ninakuwa na ukurasa mmoja au miwili ya daftari. Kesho yake karatasi hiyo husomwa mbele ya jeneza, umati wote ukiwa umenyamaza, na kwa dakika tano au sita mtu ambaye maisha yake hayakuwahi kuandikwa popote huwa na historia inayosikika. Kisha msomaji huikunja na kuitia mfukoni.

Nimewahi kufuatilia karatasi hizo zinakoishia. Moja ilifuliwa pamoja na koti. Nyingine niliikuta imefungiwa ugoro, na mwandiko wangu mwenyewe ukinitazama. Zipo zilizowekwa ndani ya Biblia ya familia zikadumu miaka michache, mpaka Biblia ikaazimwa na isirudi. Nyingi sana hazijulikani zilipo, wala hakuna aliyeziulizia.

Wakati wasifu huo unasomwa, pembeni ya turubai huwa ameketi kijana na daftari la rambirambi. Humo anaandika, bila kuruka hata mmoja, nani ameleta debe la mtama, nani ametoa elfu mbili, nani ametoa kuku, nani ameleta mzigo wa kuni. Daftari hilo halipotei. Nimeonyeshwa madaftari ya rambirambi ya miaka ya 1980 yakiwa yametunzwa vizuri ndani ya sanduku la nguo, kwa kuwa kila kilichoandikwa humo ni deni ambalo familia italirudisha siku mwenzao atakapofiwa, na hakuna fedheha kubwa kijijini kama ya kusahau deni la msiba. Silaumu desturi hiyo, maana ndiyo inayotuwezesha kuzikana. Ila imenifundisha kwamba tatizo letu si kutojua kuandika wala kutojua kutunza. Ukitaka kujua nani alileta kuni kwenye msiba wa babu yako, utaelezwa. Ukitaka kujua babu mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani, utaambiwa wazee waliomfahamu wamekwisha.

Ombi langu kwenu ni dogo, nami ninaliweka hapa mapema ili lisipotee katikati ya maelezo. Naomba kila ofisi ya kijiji ifungue kaunta buku moja nene, ambamo utanakiliwa wasifu wa kila mwanakijiji aliyefariki kama ulivyosomwa siku ya mazishi, pamoja na jina la aliyeuandika, majina ya waliotoa maelezo, na mahali marehemu alipozikwa.

Najua nitaambiwa kwamba vifo tayari vinasajiliwa. Ni kweli, sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na RITA, wakala wa Serikali wa usajili, hutoa cheti. Cheti hicho kina kazi yake katika mahakama na benki, na ninawasihi wananchi wenzangu wasisubiri kugombania mirathi ndipo wakitafute. Lakini cheti kinaandika jina, umri, tarehe na sababu ya kifo. Hakina nafasi ya kuandika kwamba marehemu ndiye aliyeonyesha mahali pa kuchimba kisima cha shule. Rejista ya wakazi nayo, kwa jinsi nilivyoiona ikitumika, mtu akifariki jina lake hupigwa mstari kwa rula, na ukurasa ukijaa mistari hufunguliwa mwingine.

Niruhusuni nieleze kilichonifanya niandike barua hii. Miaka michache iliyopita mradi mmoja wa ujenzi ulipita katika eneo walikozikwa watu wa ukoo wa mama yangu. Kama mnavyojua, tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, barabara, reli, uwanja wa ndege na viwanja vimefika hadi kwenye mashamba ambayo zamani tuliyaita porini, na makaburi yaliyokuwa mbali na mji yamejikuta ndani ya mji. Tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi tangu mwaka 1969, na wahusika walikuja kwa heshima, wakatoa taarifa, wakakaa nasi kikao. Sina lawama juu yao. Walihesabu makaburi saba. Afisa aliyekuwa na fomu akauliza jina la aliyelala katika kila kaburi na jina la ndugu yake wa karibu.

Tuliweza kuyataja manne. Wazee watatu waliokuwapo walibishana kwa muda mrefu kuhusu kaburi la tano, mmoja akisema ni la mke mdogo wa babu, mwingine akisema mke huyo alizikwa kwao Mpwapwa na kwamba aliyelala pale ni mgeni aliyefia safarini. Kuhusu la sita na la saba hapakuwa hata na ubishi. Kwenye fomu makaburi matatu yakaandikwa "haijulikani", tukatia sahihi na dole gumba, tukaenda kuwazika upya. Mchungaji aliyeongoza ibada alipofika kwenye makaburi hayo matatu alisita, kwa sababu hakujua amwombee nani, kisha akasema tu "mpendwa wetu huyu". Nilisimama pale nikiwa nimeandika wasifu wa nusu ya kijiji, na sikuwa na neno hata moja juu ya watu wa damu yangu.

Kuna sababu za kihistoria, na haitakuwa haki kuwalaumu wazee peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuingia katika operesheni ya vijiji. Kabla ya hapo kaya zilikuwa zimetawanyika, kila moja na tembe lake, zizi lake na makaburi yake jirani, na hakuna aliyehitaji karatasi ili ajue nani amelala wapi, kwa kuwa watoto walicheza juu ya makaburi hayo na kukaripiwa kwa majina ya waliozikwa humo. Watu walipohamishiwa vijijini walibeba milango, vinu na mifugo. Makaburi yalibaki kwenye mahame. Kizazi kilichohama kiliendelea kwenda kuyatazama na kuyafagia, kizazi kilichofuata kikapelekwa mara moja au mbili, na hiki cha sasa hakijui njia. Leo mahame mengi yamekuwa mashamba ya alizeti na zabibu, na dereva wa trekta anayeona chungu ya mawe chini ya mbuyu, penye vigae vya vyungu na udongo wa majivu, hawezi kujua kama hapo palikuwa na jiko la mtu au kichwa cha mtu. Mengine yameuzwa, na aliyenunua hakuambiwa.

Nyuma zaidi ya hapo kuna Mtunya. Wazee wa Ugogo hawakuitamka njaa hiyo kwa sauti kubwa. Mwaka 1916 vita vya Wajerumani na Waingereza vilifika Dodoma, pande zote mbili zikachukua wapagazi, ng'ombe na nafaka, mvua zikakosekana, na kati ya mwaka 1917 na 1920 watu wakafa kwa wingi ambao wanahistoria wameukadiria kuwa takribani 30,000 katika watu 150,000 hivi waliokuwako. Idadi tunayo, orodha hatuna. Katika ukoo wetu wanakumbukwa wawili tu waliokufa katika Mtunya, na wanakumbukwa kwa sababu wajukuu walipewa majina yao. Kwa upande wa wapagazi waliofia jeshini, hata Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita hivyo hawakuwekewa majina popote, ilhali askari wa Kizungu walichongewa majina yao kwenye mawe. Mambo hayo yalifanywa na wakoloni, nasi hatuwezi kuyarudia nyuma. Lakini mwanakijiji aliyefariki wiki iliyopita hakuwa chini ya ukoloni, na karatasi yake nayo imeshakunjwa.

Wala si kwamba nchi yetu haijali waliolala. Pale Kongwa, ambako wapigania uhuru wa ANC, FRELIMO na SWAPO walikuwa na kambi katika miaka ya 1960, makaburi ya waliofia huko yanatambuliwa na yanatembelewa, na ninajivunia kwamba ardhi yetu iliwapokea wageni hao kwa heshima. Ninachoomba ni sehemu ndogo ya heshima hiyo kwa wenyeji waliowauzia maziwa na mtama.

Sasa nirudi kwenye wasifu wenyewe, maana hapa ndipo ninapojua ninachosema, na hapa ndipo nina makosa ya kukiri.

Kwanza, wasifu tunaouandika ni mbaya. Umeshakuwa na mtindo wake: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto tisa; alibatizwa, alisoma mpaka darasa la nne, alifunga ndoa; aliugua kwa muda mrefu; ameacha mjane, watoto saba, wajukuu ishirini na sita na vitukuu wanne; Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Ukibadilisha majina, karatasi moja ingetosha kuzika kitongoji kizima. Tunaandika hivyo kwa sababu tunajua itasikika mara moja tu, na usingizi umetushika. Naamini mwandishi akijua kwamba maneno yake yataingia kwenye daftari ambalo mjukuu atalifungua miaka arobaini baadaye, atauliza swali moja la ziada.

Nilipaswa kuuliza swali hilo kuhusu bibi mmoja wa kitongoji chetu, ambaye sitamtaja jina bila idhini ya wanawe. Mito yetu, kama mjuavyo, ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kina mama huchimba humo kutafuta maji. Bibi huyo alikuwa akitembea juu ya mchanga mkavu, akitazama aina ya majani ya ukingoni na mahali punda walipokuwa wameparapara, kisha anasimama na kusema "hapa". Sikuwahi kusikia kwamba alikosea. Katika miaka ya ukame mkali vitongoji vitatu vilikunywa kwenye mashimo aliyoyaonyesha. Nami niliandika nini? Niliandika kwamba marehemu alikuwa mkulima na mama wa nyumbani. Wanawe hawakulitaja jambo la maji kwa sababu kwao lilikuwa la kawaida kama kupika, na mimi, ambaye nilikunywa maji hayo, sikukumbuka mpaka nilipokuwa narudi nyumbani kutoka makaburini. Wasifu wa wanawake wetu karibu wote una upungufu huo. Wa mwanamume hutaja kwamba alikwenda manamba kwenye mkonge, kwamba aliwahi kuwa balozi wa nyumba kumi, kwamba alikuwa na ng'ombe kadhaa; wa mwanamke huhesabu watoto. Hautaji kwamba ndiye aliyeongoza ngoma za muheme kwa miaka thelathini, au kwamba alizalisha watoto wa kijiji kizima kabla ya zahanati kujengwa.

Pili, kuna suala la miaka. Kitambulisho cha mzee kinaweza kusema alizaliwa tarehe 1 Julai kwa sababu karani alihitaji tarehe yoyote. Lakini mzee mwenyewe alisema alikuwa akichunga ndama wakati Wazungu wa karanga, yaani Waingereza wa ule mpango mkubwa wa kulima karanga, walipoingia Kongwa na matrekta yao, na jambo hilo lilitokea mwaka 1947, mpango wenyewe ukaja kuachwa mwaka 1951. Kauli ya namna hiyo ina thamani kuliko tarehe ya karani, kwa sababu inaeleza umri wake na pia inaeleza kitu alichokiona. Naomba daftari liandike kauli kama ilivyosemwa, hata pale ambapo mwaka haupatikani.

Tatu, kuna ugomvi. Msidhani sijui. Wasifu ukitaja watoto saba, mara nyingi yupo wa nane amesimama nyuma ya umati, amevaa kofia, akisikiliza kama jina lake litasomwa. Nimeshashuhudia mazishi yakisimama kwa sababu hiyo. Nimeshaombwa na wakubwa wa ukoo niliache jina la mke wa kwanza, na mara moja, naona aibu kusema, nilikubali. Kwa hiyo daftari lisichukuliwe kuwa hati ya mirathi, na jambo hilo liandikwe waziwazi kwenye ukurasa wa kwanza ili mtu asilipeleke Mahakama ya Mwanzo kama ushahidi wa nani ni mrithi. Nusu ya ukurasa iachwe wazi chini ya kila wasifu, ili mwenye masahihisho aje ayaandike kwa jina lake mwenyewe, bila kufuta kilichotangulia. Familia isiyotaka kuandikwa isilazimishwe. Habari za ugonjwa zisiingizwe, hata kama ndugu mmoja amezisema. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na waliobaki hai wana siri zao za kulindwa.

Ndugu zetu Waislamu, hasa wa Kondoa na Chemba, huzika upesi, na aghalabu hakuna usiku mzima wa kuandika. Kwao maelezo yanaweza kukusanywa siku ya hitima, wazee wakiwa wamekusanyika na vichwa vimetulia. Pengine wasifu wao utakuwa bora kuliko wetu. Na watoto wachanga, ambao hawasomewi chochote, naomba nao waandikwe mstari mmoja: jina kama alipewa, wazazi wake, mahali alipolazwa. Wapo kina mama kijijini kwetu ambao wangependa kuuona mstari huo.

Kuhusu nani atafanya kazi hiyo, sipendekezi ajira mpya wala posho. Mtendaji wa kijiji ana mzigo wa kutosha. Mwalimu mmoja, au kijana aliyemaliza kidato cha nne na ana mwandiko mzuri, akiteuliwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu, anaweza kunakili wasifu mmoja kwa nusu saa. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu na nakala ikae ofisi ya kata, kwa kuwa ofisi zetu nyingi zinavuja na mchwa wa Dodoma hawachagui kati ya nguzo na nyaraka. Daftari lenyewe likae kwenye sanduku la bati, juu ya matofali. Likijaa, halmashauri ya wilaya iulize Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina kituo chake hapa hapa Dodoma, namna bora ya kulihifadhi.

Na kuhusu mahame, naomba vijiji vinavyoandaa mpango wa matumizi ya ardhi vitumie nafasi hiyo, kwani wapimaji huwa wapo na ramani huwa mezani, kutembea na wazee waliobaki na kuweka alama mahali penye makaburi ya zamani. Waliokuwa na umri wa miaka ishirini wakati wa operesheni sasa wamepita sabini. Zoezi hili haliwezi kungoja bajeti ya mwaka ujao na mwingine tena.

Mimi ninazo karatasi 17 zilizobaki, kati ya nyingi ambazo sikuzihesabu. Nimekwisha kuzungumza na familia kumi na nne, zimekubali zinakiliwe. Tatu bado zinashauriana. Ile ya bibi wa maji nimeiandika upya, nikiwa na wanawe wawili na majirani wanne, nayo sasa ina kurasa tano. Siku ofisi ya kijiji chetu itakapofungua daftari nitazileta zote, na ikiwa hakuna fedha ya kununua kaunta buku, nitakuja nalo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Wilaya ya Chamwino, Dodoma.